MIZANI YA MWILI NA UADILIFU WA ULIMI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mtu kwa tone la maji, akavilinganisha viungo vyake, akamsimamisha kwa nyayo mbili ndogo juu ya ardhi pana. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye Sahaba zake wamepokea ya kuwa alikuwa akienda kama mtu ashukaye mteremko, na ziwashukie Ali zake na Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Ama baada ya haya. Ndugu zangu Waislamu wa pwani, kijitabu hiki nimekiandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kueleza neema moja ambayo wengi wetu hatuijui illa siku ituondokeapo, nayo ni neema ya kusimama bila ya kuanguka. Ya pili ni kulipa deni. Deni hilo si la fedha, ni la heshima ya Muislamu mwenzangu niliyoivunja mbele ya watu. Na lililovunjwa mbele ya watu halitengenezwi chumbani.

MASHAHIDI WATATU NA KADHI MMOJA

Mwenyezi Mungu amemkumbusha mtu katika Sura ya Infitar ya kuwa Yeye ndiye aliyemuumba na kumlinganisha. Na neno la Kiarabu lililotumika humo kwa kulinganisha latokana na shina lile lile lililozaa neno adili na neno uadilifu. Basi mwili wa mtu ni baraza ya hukumu, na hukumu yake hupitishwa kila mara uinukapo, kila mara uinamapo, na kila upigapo hatua. Katika baraza hiyo mna mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni jicho. Jicho huona ukuta umesimama, huona upeo wa bahari umelala, likatoa habari ya kuwa kichwa ki wima au kimelala upande.

Shahidi wa pili amefichwa ndani ya mfupa, nyuma ya ngoma ya sikio. Watu wengi hudhani sikio ni la kusikia tu, sivyo. Ndani kabisa mna mifereji mitatu myembamba, iliyopindwa kama pete zisizotimia, na kila mmoja umeelekea upande wake: mmoja hujua kuitikia kwa kichwa, mmoja hujua kukataa kwa kichwa, na mmoja hujua kukilaza kichwa begani. Mifereji hii imejaa maji. Kichwa kigeukapo, maji hukawia nyuma kidogo, yakapinda vinywele vidogo mno, na vinywele vile hupeleka habari kwenye ubongo. Karibu na mifereji hiyo mna vifuko viwili, na juu ya utando wa kila kifuko mmetandazwa chembe ndogo za chokaa. Kwa uzito wa chembe hizo mtu hujua chini ni wapi na juu ni wapi, ijapokuwa yu gizani. Jambo hili lote halifikii ukubwa wa ncha ya kidole.

Shahidi wa tatu ametawanyika mwili mzima. Yumo katika misuli, na katika kano, na katika viungo, na katika ngozi ya nyayo. Fumba macho yako, kisha gusa ncha ya pua kwa kidole. Hukuuona mkono wala hukuiona pua, lakini kidole kimefika. Huyo ndiye shahidi wa tatu, asemaye kila kiungo kiko wapi.

Mashahidi hawa wote hupeleka maneno yao kwa ubongo, na miongoni mwa wanaoyapima ni ule uitwao ubongo mdogo, ulioko nyuma ya kichwa upande wa kisogo. Huo ni kama kadhi. Hausikilizi mmoja ukawaacha wawili. Huwalinganisha, ukaona nani amekosea, ukatengeneza mwendo usizidi wala usipungue. Tazama takbiri ya kufungua sala. Wewe wadhani umenyanyua mikono tu. Kwa hakika, kabla mikono haijaondoka, misuli ya miguu na ya mgongo huwa imekwisha kukazwa, kwani mikono ikienda mbele bila ya tahadhari hiyo, mwili ungeivuta nyayo. Hukuamrisha wewe, wala hukujua. Umesimamishwa na Aliyekuumba, nawe ukasema, "Nimesimama."

Na mashahidi wakigombana, hapo ndipo taabu. Watu wa pwani twalijua hili. Mtu akikaa ndani ya chombo, chini ya sitaha, jicho lake huona mbao zimetulia, na sikio lake la ndani husema chombo chapanda na kushuka. Kadhi hushangaa, tumbo likachafuka, watu wakasema fulani amelewa bahari. Ndipo nahodha humwambia, "Njoo juu, utazame mwisho wa bahari," maana akiutazama, mashahidi wawili hupatana.

KOSA LANGU

Katika mtaa wetu pana mzee aliyekuwa nahodha zamani. Jina lake silitaji, naye amenipa ruhusa kusimulia. Alisafiri baharini miaka mingi, akasimama juu ya omo la jahazi katika pepo za kusi na kaskazi bila ya kushika kamba. Mwaka mmoja tulianza kumwona akija sala ya Alfajiri akipepesuka. Mara nyingine hushika ukuta. Siku moja aliinuka katika sijida, akayumba, akamwangukia jirani yake safuni.

Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema, "Ujana wake waujua; huenda amerudi alikotoka." Mwingine akasema, "Asubuhi yote hii!" Hapana aliyemnusa pombe. Hapana aliyemwona akinywa. Hapana aliyemwuliza, "Babu, waumwa na nini?"

Nami, niliyesoma Kurani utotoni na fikihi ukubwani, niliyewafundisha watoto wa watu masharti ya ushahidi, nilipanda mimbari siku ya Ijumaa nikahutubu juu ya ulevi. Hutuba ilikuwa kweli kila neno. Lakini jicho langu lilikuwa limemwelekea mtu mmoja, na kila aliyekuwamo msikitini alijua ni nani. Yule mzee akainamisha kichwa. Ijumaa ya pili hakuja. Wala ya tatu. Nami nafsi yangu ikaniambia, "Umemkataza mabaya." Nikaisadiki.

Ndugu zangu, ulevi humpepesusha mtu kwa kuwa pombe huingia katika sikio la ndani ikaharibu uzito wa yaliyomo, na huulegeza ule ubongo mdogo uliopima mwendo. Kwa hiyo mlevi na mgonjwa wa sikio huweza kufanana mwendo. Lakini kufanana si ushahidi. Mwili wenyewe, ulio nyama na mifupa, hauhukumu hata hatua moja mpaka usikilize mashahidi watatu. Mimi nilimhukumu mtu kwa hatua zake tu, bila ya shahidi hata mmoja.

NJIA YA MBULU

Baada ya hapo nilialikwa bara, katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoa wa Manyara, nikasomeshe miezi mitatu. Nchi ile si kama yetu. Mbulu iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ni nchi ya Wairaqw, watu wa jembe na ng'ombe, na mashamba yao yamelala juu ya miinuko. Ukishuka Hanang wawakuta Wabarbaig na mifugo yao, na juu yao umesimama Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Njia za huko ama zapanda ama zashuka. Sawa ni haba. Nimewaona watoto wakishuka kilimani na madumu ya maji, magoti yamelegezwa, hatua fupi, na maji hayamwagiki. Mimi wa mchangani nilishuka kama mtu abebwaye.

Siku moja baada ya mvua nilipita njia ya udongo mwekundu pamoja na kijana wa pale. Akaniambia, "Shehe, usitazame vidole vyako. Tazama mbele kidogo, pale utakapokanyaga." Nikamwambia najua kwenda, tangu yeye hajazaliwa. Sikumaliza maneno, mguu ukateleza. Goti likapiga jiwe, kisha kichwa. Kijana hakucheka. Aliniinua, akanifuta tope, akanishika mkono mpaka nyumbani.

Goti likapona. Lakini baada ya siku chache, nilipoinama kusujudu, dunia ikazunguka. Msikiti ukageuka kama tiara lililokatika uzi. Nikasubiri, ikatulia, nikainuka, ikarudi. Usiku nikigeukia upande wa kulia kitandani, hivyo hivyo. Asubuhi nilikwenda msikitini nikipepesuka, nimeshika ukuta. Nikakumbuka ni nani niliyemwona akienda hivi.

Wenyeji wangu hawakuniuliza nimekunywa nini. Walinipeleka hospitali. Tabibu akanieleza ya kuwa zile chembe za chokaa huweza kung'oka mahali pake, kwa uzee au kwa pigo la kichwa, zikaingia katika mmoja wa ile mifereji mitatu. Basi mtu anapoinama au kulala, chembe huteremka ndani ya maji, zikayasukuma, na sikio likatoa ushahidi wa uwongo ya kuwa kichwa chazunguka, hali jicho na miguu husema kimetulia. Akanilaza, akakigeuza kichwa changu upande mmoja, akangoja, akakigeuza upande wa pili, akangoja, kisha akanikalisha. Hiyo ni dawa iliyoelezwa na tabibu wa Marekani, John Epley, mwaka 1980. Kazi yake ni kuzirudisha chembe zilikotoka. Haikutimu robo ya saa. Siku ya pili nilirudiwa tena namna ile ile, na kisunzi kikaondoka.

Nilitoka pale nikalia njiani. Sikulia kwa furaha ya kupona. Nililia kwa kuwa mzee wangu aliikosa sala ya jamaa kwa ugonjwa unaoweza kutibiwa kwa dakika chache, na mimi ndimi niliyeufunga mlango.

ALIYEANGUKA NA AKAMALIZA

Nilipokuwa nikichechemea kwa goti langu, watu wa Mbulu walikuwa wakinitania kwa upole: "Shehe, na Akhwari alianguka vile vile." Nao walikuwa wakimtaja mtu wa kwao, John Stephen Akhwari, aliyezaliwa Mbulu mwaka 1938. Hekima huokotwa popote ipatikanapo. Basi sikilizeni habari yake.

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika michezo ya Olimpiki ya mji wa Mexico, mji ulio juu kiasi cha mita 2,240 ambako pumzi ni haba, alitoka pamoja na wenziwe kukimbia mbio ndefu za maili 26 na zaidi. Katikati ya njia wakimbiaji walisongana, akaanguka. Bega likaumia na goti likateguka. Akafungwa kitambaa, akaondoka. Fahamuni mtu wa hali ile huendaje: goti lapeleka habari ya maumivu, misuli inayolizunguka yakataa kazi, uzito wote wahamia mguu mmoja, na kadhi wa mwili analazimika kuandika upya hukumu ya kila hatua. Mamo Wolde wa Uhabeshi alikwisha shinda kwa muda wa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani jua limekwisha kuchwa, watu wengi wamekwenda zao, baada ya saa 3 na dakika 25, wa 57 na wa mwisho katika waliomaliza. Walipomwuliza kwa nini hakuacha, jawabu yake ilikuwa na maana hii: nchi yake haikumtuma safari ile yote kwa ajili ya kuanza, bali kwa ajili ya kumaliza.

Ajabu ni kuwa jina la mshindi wachache walikumbuka, na jina la wa mwisho lajulikana duniani. Wazee wetu wamesema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Nami nikaona aliyejikwaa kwa goti alimaliza njia yake, na mimi niliyejikwaa kwa ulimi bado njia yangu sijaimaliza.

Na asijisifu mtu kwa uimara wake. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaishukia Katesh na vijiji vya pale, na watu zaidi ya 80 wakafa. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira waliobaki. Ikiwa ubavu wa mlima waweza kuporomoka, itakuwaje kwa mwenye nyayo mbili?

KUOMBA RADHI

Niliporudi pwani sikufikia kwangu. Nilifikia kwa nahodha. Nikamkuta barazani, fimbo ubavuni. Nikamwambia, "Babu, nimekukosea. Nilikuhukumu bila ya kukuuliza, nikakuhutubia mbele ya watu."

Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Shehe, mimi nimeendesha vyombo umri wangu wote. Chombo kikiyumba, twatazama upepo na maji kwanza. Hatukitukani chombo."

Nikampeleka kwa tabibu. Ugonjwa ulikuwa ule ule, na baada ya kurudiwa mara kadhaa akapata nafuu kubwa. Ijumaa iliyofuata nilipanda mimbari ile ile, nikasema niliyoyasema hapa, kwani wanavyuoni wamekubaliana ya kuwa toba ya haki ya mja haitimii kwa istighfari peke yake, mpaka haki irudi kwa mwenyewe. Yeye alikuwa safu ya kwanza, ameegemea fimbo yake.

HUKUMU ZA MWENYE KISUNZI KATIKA SALA

Kwa kuwa wako wengine walioacha jamaa kwa haya, nataja yaliyo muhimu kwa madhehebu ya Imamu Shafii, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake.

Kusimama katika sala ya faradhi ni nguzo kwa awezaye. Akiweza kusimama kwa kuegemea ukuta au fimbo tu, basi asimame na kuegemea. Wala si aibu. Akikhofu kuanguka, au kisunzi kikali, atasali kwa kukaa. Na wanavyuoni wetu wameutaja mfano wa abiria wa chombo ambaye kichwa chake chazunguka. Asiyeweza kukaa atasali kwa ubavu. Na ambaye awezaye kusimama lakini kusujudu kwamdhuru, hakuangukiwa na kusimama: atasimama, na rukuu na sijida ataziashiria kwa kadiri awezavyo, na sijida aishushe zaidi kuliko rukuu. Sala hiyo haikidhiwi, na ujira wake haupungui kwa udhuru huo.

Tena tazameni rehema iliyomo katika suna zetu. Kukaa kidogo baada ya sijida ya pili kabla ya kuinukia rakaa ifuatayo ni suna kwetu, na kuinuka kwa kuegemea viganja viwili ni suna. Na utulivu katika rukuu, katika itidali, katika sijida na katika kikao baina ya sijida mbili ni lazima, sala haisihi bila ya huo. Mzee ainukaye ghafula, damu huchelewa kufika kichwani akaona giza. Atulie, apate suna na salama pamoja. Mwenda pole hajikwai.

NASAHA

Enyi wasimamizi wa misikiti, wekeni cha kushikia mahali pa kutawadhia, na taa katika ngazi, na mkeka uliokunjamana unyosheni. Kwani mzee jicho lake limefifia na nyayo zake zimepungua hisi, mashahidi wake wote ni wazee kama yeye. Enyi wazee, msiache kwenda kwa miguu, maana mizani isiyotumika hushika kutu. Jizoezeni kusimama karibu na ukuta, mkinyanyua visigino na kuvishusha. Na mwenye kisunzi amwendee tabibu, asigeuzwe shingo na kila mtu. Na akipatwa ghafula na kisunzi pamoja na mdomo kwenda upande, au ulimi kuwa mzito, au mkono kulegea, apelekwe hospitali saa ile ile, kwani huo huweza kuwa ugonjwa wa kiharusi, na kukawia ni hatari.

Na sisi sote, tukimwona mtu apepesuka, tumshike mkono kwanza. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha ya kuwa kila kiungo cha mtu kina sadaka kila lichomozapo jua, na ya kuwa kumsaidia mtu ni sadaka. Basi sadaka ya mguu ni kumfikia aliyeanguka, na sadaka ya mkono ni kumwinua, na sadaka ya ulimi ni kunyamaza lisilo na shahidi. Wazee wamesema hujafa hujaumbika. Aliye wima leo hajui kesho atashika ukuta gani.

Ewe Mola wetu, uliyetulinganisha viungo, zilinganishe na ndimi zetu. Tuthubutishe nyayo zetu duniani na siku ya Sirati zitakapoteleza nyayo. Waponye wagonjwa wetu, utusamehe tuliowadhania waja wako yasiyokuwapo, na uwape wao moyo wa kutusamehe. Amin. Wallahu aalam.